Paka Akinyamaza, Hesabu Saa

Jirani yangu mmoja wa Mbagala alikuwa na paka dume mkubwa, mweupe mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, aliyezoea kulala juu ya meza ya cherehani huku mwenyewe akishona. Ijumaa moja jioni paka yule alionekana akienda na kurudi kwenye rundo la mchanga wa ujenzi nyuma ya nyumba. Anachuchumaa, anakamia, hakitoki kitu. Anapiga hatua mbili, anarudi tena palepale. Wenye nyumba wakaona tumbo limefunga, wakamnywesha kijiko cha mafuta ya kula. Jumamosi akagoma kula na kujificha uvunguni. Wakasema aachwe apumzike. Jumapili asubuhi akaanza kutapika, masikio na miguu imepoa. Daktari wa mifugo alipofika adhuhuri alimpapasa tumbo mara moja tu, akakuta kibofu kimejaa na kukaza kama ndimu. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba tangu Ijumaa. Kabla ya magharibi paka alikuwa amekufa.

Nyumba ile ilimpenda paka wake. Nilimwona mama mwenye nyumba akimfunika kwa kipande cha khanga kabla ya kumzika. Kilichowaponyoka ni saa arobaini na kitu ambazo kila mmoja alidhani ni za kungoja, kumbe zilikuwa za kukimbia. Makala hii inahusu saa hizo: dalili ipi inataka uondoke sasa hivi, ipi inaweza kukupa hadi kesho, na ipi unaweza kuiangalia ukiwa nyumbani.

Kwa nini paka haonyeshi

Paka wetu wa nyumbani wametokana na pakapori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama mdogo anayewinda panya huku naye akiwindwa na wakubwa kuliko yeye. Kwa mnyama wa namna hiyo, kuonyesha udhaifu ni kujiuza. Ndiyo maana mbwa akiumwa atalia na kukufuata, ilhali paka atatafuta pembe yenye giza: chini ya kitanda, nyuma ya friji, darini, ndani ya kabati la nguo. Hata mkoromo wake wa raha usikudanganye, kwa kuwa paka hukoroma pia akiwa na maumivu makali.

Kwa hiyo usingoje alie. Dalili ya kwanza ya ugonjwa wa paka huwa ni kitu alichoacha kufanya. Alikuwa anakupokea mlangoni, leo hakuja. Alikuwa anaruka juu ya friji, leo ameishia kwenye kiti. Alikuwa anajilamba manyoya hadi yanang'aa, sasa yamesimama na kushikamana kama ya paka aliyenyeshewa. Akiwa amejikunyata, mgongo umepinda, kichwa kimeinama na macho nusu yamefumba, jua ana maumivu, hata kama hatoi sauti.

Mjue akiwa mzima

Huwezi kuona mabadiliko kama hujui alivyo siku zote. Hapa ndipo wengi wa pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam tunapokosea, iwe Bunju, Tegeta, Chamazi au Buza. Paka wetu hutembea. Anakula kwetu vichwa vya vibua, anapita kwa jirani kudokoa dagaa, anajisaidia kwenye kiwanja kisichojengwa. Asipoonekana siku mbili tunasema yuko matembezini. Mpe chakula kwa saa maalumu, asubuhi na jioni, na awepo mtu mmoja wa kumwona akila. Mwekee beseni la mchanga ndani, hasa usiku. Ukiona madonge ya mkojo na choo kila asubuhi, umekwisha kujua nusu ya hali yake.

Jifunze vipimo vitatu akiwa mzima. Cha kwanza ni pumzi. Akiwa amelala usingizi, hesabu mbavu zinavyopanda na kushuka kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Paka mzima hupumua kati ya mara 15 na 30 kwa dakika. Ikizidi 30 kila unapohesabu, daktari amwone. Ikizidi 40 akiwa ametulia, ni dharura.

Cha pili ni fizi. Inua mdomo wa juu taratibu. Fizi za afya huwa za waridi na zenye unyevu. Zibonyeze kwa kidole hadi ziwe nyeupe, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Fizi nyeupe maana yake damu imepungua au haizunguki sawasawa. Za manjano huashiria ugonjwa wa ini au damu inayoharibika. Za bluu, kijivu au kahawia maana yake hewa haifiki mwilini. Baadhi ya paka wana madoa meusi ya asili kwenye fizi, na ndiyo sababu nimesema uzitazame mapema.

Cha tatu ni uzito. Mwombe mwenye duka mizani, umweke paka ndani ya kikapu, kisha utoe uzito wa kikapu. Paka wengi wa mjini kwetu wana kilo tatu hadi nne na nusu. Paka wa kilo nne akipungua gramu 400 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na huenda jicho lako lisione kwa sababu manyoya yanaficha.

Yanayotaka uondoke sasa hivi

La kwanza ni dume asiyekojoa. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana, na chembechembe kama za mchanga au uteute huweza kuuziba. Utamwona akienda mchangani mara kwa mara, akikamia bila kutoa kitu au akitoa matone yenye damu, akilia, akijilamba sehemu za siri bila kuacha. Mkojo unaporudi nyuma, sumu na potasiamu hujaa kwenye damu na moyo husimama. Anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Usimpe mafuta, usimpe dawa ya kulainisha choo, usimbonye tumbo kwa nguvu kwani kibofu kinaweza kupasuka. Kama ni saa nne usiku, piga simu saa nne hiyohiyo.

La pili ni pumzi. Mbwa akihema mdomo wazi ni kawaida. Paka akihema mdomo wazi ni hatari, isipokuwa amecheza sana kwenye joto na akatulia ndani ya dakika chache. Shingo iliyonyooshwa mbele, viwiko vilivyotanuka na tumbo linalosukuma kila pumzi vyote vinasema hewa haitoshi. Usimkamate kwa mabavu wala kumlaza chali. Mwingize kwenye kikapu kwa upole, umtoe kwenye joto na umpeleke.

La tatu ni sumu. Mitaa yetu imejaa dawa ya panya, na paka hula panya aliyekwisha kuila. Zipo zinazoleta mtetemeko na degedege kwa dakika au saa chache, mate yakimtoka kama povu. Zipo zinazozuia damu kuganda, ambazo dalili zake huja baada ya siku tatu hadi tano: uchovu, fizi nyeupe, damu puani au kwenye choo. Ukimwona akila sumu usingoje dalili. Chukua pakiti ya dawa hiyo, au ipige picha, uende nayo. Maziwa hayaondoi sumu. Maji ya chumvi ya kumtapisha, mafuta ya taa na mkaa wa kusaga uliosukumiwa mdomoni vinaweza kuingia kwenye mapafu na kumuua kabla ya sumu yenyewe.

La nne ni uzi. Nyumba zenye cherehani, nyavu au mishipi zijihadhari. Paka akimeza uzi, ncha moja hunasa chini ya ulimi au tumboni na nyingine hutembea na utumbo, ikiukunja na kuukata kama waya. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute hata kidogo.

Mengine ya kundi hili ni haya: degedege inayozidi dakika mbili au kujirudia, miguu ya nyuma kupooza ghafla huku ikiwa baridi na paka analia kwa uchungu, kugongwa na gari au bodaboda hata kama ameinuka na kutembea, damu isiyokoma, jicho lililotoboka au kutoka nje, mwili uliopoa na kulegea, na paka anayejifungua ambaye amesukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka.

Yasiyovuka siku moja

Kutokula ndiko kunakodharauliwa kuliko yote. Binadamu anaweza kufunga. Mwili wa paka haukuumbwa kwa hilo. Anapokaa bila chakula, mafuta yake hukimbilia kwenye ini na kulijaza hadi linashindwa kufanya kazi, na aliyenona yuko hatarini zaidi. Paka mkubwa aliyepitisha saa 24 bila kula chochote aonwe na daktari siku hiyo. Mtoto wa paka usimpe zaidi ya saa 12, kwani hana akiba mwilini. Kabla ya hapo mjaribu kwa samaki wa kuchemsha asiye na chumvi wala kitunguu, akiwa wa vuguvugu ili harufu imwite. Akisogea, akanusa, kisha akageuza uso huku mate yanamtoka, huenda ana kichefuchefu au vidonda mdomoni.

Kutapika zaidi ya mara mbili au tatu kwa siku, kuhara kulikopita siku moja, au choo chenye damu pia kunataka daktari. Vuta kidogo ngozi ya mabegani kisha uiachie. Ikichelewa kurudi mahali pake, maji yamepungua mwilini, na katika joto la Dar es Salaam la Januari hadi Machi maji hayo huisha upesi. Mtoto wa paka anayetapika, anayehara na kulala huku kichwa kimening'inia juu ya bakuli la maji asilonywa anaweza kuwa na panlukopenia, ugonjwa wa virusi unaofagia watoto wa tumbo moja kwa siku chache. Kwa huyo usisubiri kesho. Baadaye safisha kila alipogusa kwa dawa ya klorini, na usilete mtoto mwingine asiyechanjwa, kwa kuwa virusi hivyo huweza kukaa sakafuni hadi mwaka mzima.

Madume wanaopigana usiku hurudi na vitundu vidogo vya meno. Kitundu hufunga juu, chini yake usaha unajaa, na baada ya siku mbili tatu unakuta shavu au mkia umevimba na una moto. Jipu hilo linahitaji kupasuliwa na kusafishwa na mtaalamu. Usilikamue kwa vidole. Joto la kawaida la paka ni nyuzi 38 hadi 39.2, kwa hiyo ukimshika siku zote atakuwa na moto kuliko wewe. Zaidi ya 39.5 ni homa, na chini ya 37.5 ni hatari kuliko homa.

Paka wa zaidi ya miaka kumi anayekunywa maji mengi, anayekojoa sana na kukonda huku bado anakula aonwe wiki hiyohiyo. Magonjwa ya figo, sukari na tezi ya shingoni huanza hivyo.

Yanayoweza kusubiri

Akitapika mara moja, pengine na fundo la nywele, kisha akala na kucheza, mwangalie tu. Chafya mbili tatu bila makamasi, kuchechemea kidogo huku anakanyaga, viroboto wachache au choo laini cha siku moja kwa paka mchangamfu havihitaji kukukesheza. Na pua kavu si kipimo cha ugonjwa. Tuliambiwa hivyo tangu utotoni, lakini pua ya paka hukauka na kulowa mara nyingi kwa siku bila maana yoyote.

Tiba za nyumbani zinazoua

Inaniuma kusema kwamba baadhi ya paka hawauawi na ugonjwa ulioanza, ila na dawa tuliyowapa. Parasetamol, ambayo wengi tunaiita panadol, ni sumu kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa: fizi hugeuka kahawia, uso na miguu huvimba, pumzi inakatika. Usimkatie nusu wala robo. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni za kuogopwa vilevile.

Dawa za kuogeshea ng'ombe na mbwa dhidi ya kupe zisipakwe kwa paka. Nyingi zina permethrini au dawa za jamii yake, zinazomtetemesha paka hadi degedege, na yeye hujilamba kila unachompaka. Hali kadhalika dawa za kusafishia zenye harufu kali zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa. Kidonda kioshe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa na kutiwa chumvi kidogo. Na antibiotiki ya unga uliyonunulia vifaranga vya kuku wa nyama haijui uzito wala ugonjwa wa paka wako. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo anaweza kuwa mtu mwema, lakini hajampima.

Safari ya kwenda kwa daktari

Tafuta namba ya daktari leo, paka akiwa mzima. Usiku wa dharura si wakati wa kuuliza majirani. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na chini yake lipo Baraza la Veterinari linalosajili madaktari wa wanyama na kuwaorodhesha wataalamu wasaidizi. Muulize mtu kama amesajiliwa. Daktari wa kweli hataudhika. Kama humjui yeyote, anza na afisa mifugo wa kata yako kupitia ofisi ya kata au manispaa. Kazi yake kubwa ni ng'ombe, kuku na chanjo, lakini atakujulisha nani anatibu paka karibu nawe. Wakazi wa Temeke wanayo makao makuu ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania katika wilaya yao, mahali ambapo sampuli za wanyama hupimwa. Kesi ngumu zaidi huweza kupelekwa Morogoro, kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Kabla ya kuondoka piga simu, maana foleni ya Barabara ya Kilwa au ya Bagamoyo inaweza kula saa nzima, na ni vizuri ukifika uwe unangojwa. Uliza pia gharama bila aibu. Daktari anayejua uwezo wako anaweza kukuambia kipi kifanyike kwanza. Mweke paka kwenye kikapu chenye kifuniko, tenga la kuku lililosafishwa au boksi lenye matundu, na chini utandike khanga yenye harufu ya nyumbani. Usimtie kwenye kiroba wala mfuko wa plastiki, na usimfungie kwenye buti ya gari. Bajaji ni bora kuliko bodaboda.

Daktari atataka kujua umri wake, kama amehasiwa, alikula lini mara ya mwisho, alikojoa lini, alianza kubadilika saa ngapi, na umempa nini. Hilo la mwisho liseme lote hata kama unaona haya. Mpige video kwa simu akihema au akitetemeka nyumbani, kwa sababu mbele ya daktari hofu huweza kuzificha dalili.

Jambo moja linagusa maisha yako mwenyewe. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Paka mpole aliyegeuka mkali ghafla, mwenye sauti iliyobadilika, anayetoa mate na kuyumba miguu ya nyuma, usimfungue mdomo kuangalia kama amekwamwa na mfupa. Mfungie chumbani, umwite afisa mifugo. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu siku zote huua.

Kinga ni nafuu kuliko safari zote hizi. Mchanje mtoto wa paka kuanzia wiki ya nane na umrudie kama daktari atakavyokuelekeza, chanjo ya kichaa apewe akifika miezi mitatu, apewe dawa ya minyoo, na ahasiwe ili apunguze ugomvi wa usiku. Tenga akiba ndogo kila mwezi kwa ajili yake, kama unavyotenga ya umeme.

Waswahili husema paka wa nyumba haingwi. Tukishamkubali akae nasi, tumekubali pia kumhudumia akiumwa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze na kumwepusha na mateso. Basi usiku wa leo, kabla ya kufunga mlango, fanya mambo matatu: tazama kama amekula, tazama kama mchanga wake umelowa, na hesabu pumzi zake akiwa amelala. Ukikuta lolote halipo sawa, tazama saa ukutani na uanze kuhesabu kutoka hapo.